Tangi la Baba Halina Kasoro

3 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefika salama na jana nimerudi kazini. Maabara ni ileile, darubini ni zilezile, na mkuu wa kitengo bado anakunywa chai juu ya meza ya sampuli ingawa kila ukuta una tangazo linalomkataza.

Naandika haraka ili tuelewane kabla Kaka hajaanza kunipigia simu. Wewe simu huisikii, kwa hiyo maneno yake yote huniangukia mimi. Tulivyokubaliana sebuleni sisi watatu ni hivi. Kaka anataka uhamie kwake kwa sababu ya ile sufuria iliyoungua na ule mlango ulioachwa wazi hadi asubuhi. Kwake hakuna nafasi ya tangi la samaki. Wifi ameshasema, na wifi akisema amesema. Wewe hutaki kuhama. Ndipo nilipotoa rai yangu, nanyi mkaikubali: ukiweza kulitunza tangi hadi likizo yangu ya Julai bila anemoni kufa wala samaki kudhoofika, unabaki nyumbani kwako na hakuna atakayefungua mdomo tena. Likikushinda, unafunga virago.

Sikuchagua tangi kwa mzaha. Mbwa ukimsahau atabweka. Anemoni ni mnyama wa baharini asiye na sauti. Chumvi ikizidi ananywea, joto likipanda anaachama mdomo, na akifa anaoza na kuwaua wote waliomo. Mtu anayeweza kumweka hai mnyama wa namna hiyo, kichwa chake kiko sawasawa. Nilimwambia Kaka hivyo na namwambia kila mtu.

Kila ukiandika niletee kipimo cha chumvi na cha joto, uniambie na vidole vyake vimefunguka vipi. Mengine ni ziada.

Bintiyo,
Bi Vipimo

12 Februari

Bi Vipimo,

Marahaba, mama. Barua yako imefika na stempu imekaa upande. Nimepanga barua posta maisha yangu yote ya kazi, halafu mtoto wangu mwenyewe anabandika stempu kama anabandika plasta kwenye goti. Salamu zote za kawaida nimekuletea; sizirefushi, wewe zihesabu kuwa zimefika.

Chumvi ni 1.025. Joto ni ishirini na sita. Anemoni amefunguka, upana wake unazidi sahani ya kulia, na vidole vyake vyote vimejaa. Mdomo wake pale katikati umefungwa vizuri. Fundi wa televisheni aliyekuja kwa jirani alichungulia dirishani akaniuliza lile ua linamwagiliwa mara ngapi. Nikamwambia si ua, ni mnyama, na anakula vizuri kuliko yeye. Aliondoka amenuna.

Samaki wetu hawajambo. Bi Mkubwa bado anamfokea mumewe siku nzima, na Shemeji anatetemeka mwili mzima kuonyesha utii, kisha anarudi kujificha katikati ya vile vidole. Samaki mwingine yeyote angechomwa humo akafa. Wao wamelala tu na mistari yao myeupe, wametulia.

Maji yakipungua naongeza maji yasiyo na chumvi, kwa sababu maji ndiyo yanayokauka, chumvi haiendi popote. Nimeliandika hili ili ujue kwamba najua. Uduvi nawapa asubuhi na jioni, isipokuwa Jumatano, siku ya kuyapumzisha maji. Nami nimejipangia kula wanapokula wao, hivyo hakuna anayesahaulika. Mwambie kaka yako kwamba nakula.

Kusema kweli sikufurahi kutahiniwa na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Ila nyumba hii naipenda. Kwa kaka yako nitakuwa mzee wa kuketishwa kwenye kochi na kuambiwa niinue miguu wapite kufagia. Nikiondoka hapa nitakufa, na silisemi hilo ili unihurumie.

Baba yako,
mtahiniwa

21 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunikatiza.

Jana Jumatano nilipita kwa Baba. Tangi linang'aa. Juu ya tangi sina la kusema. Lakini Baba alikuwa amevaa mashati mawili, moja juu ya jingine, na vifungo vya la juu vimeingia kwenye matundu ya la chini. Kwenye friji kulikuwa na uduvi, chupa za maji ya tangi na balbu. Balbu, mdogo wangu. Nilikuwa nimembebea chakula cha moto kutoka nyumbani. Akakisukuma kando. "Leo hatuli," akasema. Nikamuuliza nani hali. Akaonyesha tangi kwa kidole: "Sisi."

Madirisha hayafunguliwi, anasema upepo unayapoza maji. Nyumba inanuka unyevu. Kitandani kuna shuka moja na limekunjwa, sijui analala wapi. Nahisi analala kwenye kile kiti.

Wewe unasoma namba kwenye karatasi, mimi naingia mlangoni. Naomba tuyavunje yale makubaliano. Wifi yako ameshalegea kidogo. Amesema tangi dogo linaweza kukaa barazani.

Kaka yako

27 Machi

Kaka,

Salamu kwa wifi na watoto.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mashati mawili ni kwa sababu kuna baridi. Balbu ni ya taa ya tangi. Wapo watu wanaoziweka kwenye ubaridi zisiharibike, na hata kama wanakosea si ugonjwa. Jumatano samaki hawalishwi, na Baba amekuambia kwa utani wake wa siku zote, nawe kama kawaida yako ukaubeba mzima mzima.

Wewe unaweza kuniambia tofauti ya maji ya kuongeza na maji ya kubadilisha? Baba anaweza. Amenieleza kwa mistari miwili bila kubabaika. Hapa maabara nina vijana wenye vyeti wasioweza hivyo.

Tangi dogo barazani kwenye jua litakuwa supu kwa siku mbili. Makubaliano ni makubaliano. Tulisema Julai, basi ni Julai.

Mdogo wako

28 Aprili

Bi Vipimo,

Salamu za kawaida zimo. Usishtuke: anemoni amehama.

Ijumaa umeme ulikatika mchana kutwa. Pampu ikasimama, maji yakatulia tuli. Nikachukua jagi nikawa nachota na kumimina, nachota na kumimina, ili maji yapate hewa, mpaka mkono ukakataa. Umeme uliporudi nikakuta ameachia jiwe alilokalia tangu tumlete, anatambaa kwenye kioo kwa ule mguu wake mmoja, anaelekea kwenye pampu. Wewe unajua mwenyewe: pampu ikimvuta inamsaga, na akisagwa maji yote yanageuka sumu, na mimi niko kwa kaka yako nainua miguu.

Nikauvisha mdomo wa pampu sifongo, nikakaza kwa uzi. Yeye sikumgusa. Mtu wa papara angembandua kwa nguvu amrudishe jiweni, akauchana mguu wake, akamuua huku anadhani anamsaidia. Anapotafuta mahali pake anaachwa apate mwenyewe mwanga na mkondo unaomfaa. Nikavuta kiti nikakaa.

Bi Mkubwa na Shemeji walihangaika juu ya jiwe tupu kama watu waliokuta kufuli mlangoni kwao. Baadaye wakamwona upande wa pili, wakavuka. Sasa ametulia karibu na taa, kwenye ufa kati ya mawe mawili, amejaza vidole vyake vyote. Nilikaa naye Jumamosi yote, na Jumapili pia nadhani. Kuna mtu aligonga mlango sana, akachoka akaenda zake. Anemoni alipojishika vizuri nilipiga makofi peke yangu sebuleni. Nilifurahi sana, mama, kuliko ninavyoweza kuandika.

Chumvi 1.025. Joto lilishuka hadi ishirini na nne, limerudi ishirini na sita.

Mumeo hajambo? Mwambie tangu akuoe hajaniandikia hata mstari mmoja.

Baba yako

9 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimewasomea wenzangu wote. Nilipofika kwenye jagi, mkuu wa kitengo aliweka kikombe chini, jambo ambalo halijapata kutokea. Sifongo, uzi, kutomgusa: hakuna hata hatua moja ambayo ningeisahihisha. Nimejivuna siku nzima kana kwamba nimechota yale maji mimi.

Na utani wako haujapungua hata chembe. Mumeo hajambo! Baba, huyo mume kama yupo ningekuwa wa kwanza kujua. Ukikutana naye mwambie aje nimwone, nami nina maswali yangu. Kila mwaka unanichokoza kwa njia mpya kwamba sijaolewa, ila hii ya kumlaumu kabisa kwa kutokuandika imeniua kwa kicheko.

Nakuja tarehe nane Julai. Nitapima maji mwenyewe, kwa kifaa changu, mbele ya Kaka, ili asibaki na neno. Baada ya hapo habari ya kuhama itakwisha. Endelea hivyohivyo. Umebakiza kidogo.

Bintiyo,
Bi Vipimo

15 Juni

Bi Vipimo,

Bi Mkubwa ametaga!

Walianza kwa kulisafisha jiwe lililo ubavuni kwa anemoni, wanang'oa uchafu kwa midomo na kuutema mbali. Nikadhani ni ugomvi wao wa kawaida. Jana nikakuta mayai ya rangi ya chungwa yamepangwa kwa ustaarabu, hakuna lililompanda mwenzake. Shemeji ndiye anayeyapepea kwa mapezi kutwa nzima bila kula, na mkewe anazunguka akikagua kazi. Nikitia mkono kufuta kioo ananiuma. Sikumkasirikia hata kidogo, maana anayelinda chake namwelewa.

Samaki hawatagi kwenye maji wasiyoyapenda. Hilo hata wewe huwezi kulibishia.

Kuna bwana mmoja mwenye gari huja hapa kila Jumapili. Ni mtu mwema ila ana haraka. Anafungua friji yangu bila kuomba, anaguna, anaweka chakula, anatazama tazama vyumbani. Nilimuuliza kama ana wazazi. Akaweka bakuli lake mezani akarudi garini. Nadhani ana shida zake, kwa hiyo nimeamua nisimuulize tena, nisije nikamtonesha.

Chumvi 1.025. Joto ishirini na sita. Anemoni amefunguka wote.

Baba yako

24 Juni

Kaka,

Umepewa jina jipya. Baba ameniandikia kwamba kuna "bwana mmoja mwenye gari" anayekuja Jumapili, anafungua friji bila hodi na kuondoka mbio. Amekuuliza kama una wazazi! Nimecheka mpaka nikasogeza sampuli pembeni nisije nikamwaga.

Ndiyo adabu yake, unamjua. Badala ya kukuambia unakuja kama mkaguzi, anakugeuza mgeni. Siku moja kaa basi, uvue viatu, mzungumze. Na samaki wametaga, Kaka. Kubali tu kwamba mzee ametushinda.

Mdogo wako

29 Juni

Mdogo wangu,

Mimi sikucheka. Aliniuliza kama nina wazazi nikiwa nimesimama mbele yake na bakuli mkononi. Nikasubiri atabasamu, maana utani wake huwa unaishia hapo, kwenye tabasamu. Hakutabasamu. Akanikaribisha kiti kwa heshima zote, akaniuliza nimetoka mbali.

Nilirudi garini nikakaa bila kuliwasha. Hiyo haikuwa mara ya kwanza; tangu Aprili ananiita bwana. Sikukuandikia kwa sababu ungeniambia kuna baridi.

Mtihani wako ameushinda, sina ubishi. Sitamhamisha. Nilitoa neno langu na yeye bado anaikumbuka hofu ya kuhamishwa kuliko anavyonikumbuka mimi. Ila usingoje hiyo tarehe nane kama ni siku ya kutoa zawadi. Njoo mapema umwone.

Kaka yako

10 Julai

Bi Vipimo,

Salamu za kawaida zimo. Chumvi 1.025, joto ishirini na sita. Mayai ya awamu ya pili yameanza kuonyesha macho, vitone vidogo vya fedha, kila yai na macho yake mawili. Shemeji amekonda kwa kupepea ila hakubali kupumzika. Uje na kifaa chako, upime, uone.

Nakuandikia kabla hujafika kwa sababu kuna jambo linanitatiza. Tangu juma lililopita yuko mwanamke hapa nyumbani. Alikuja na begi la magurudumu, akaniamkia vizuri, nikamkaribisha nikidhani ametumwa kulikagua tangi. Alisimama mlangoni ananitazama mpaka nikaona aibu kwa ajili yake. Nikamwambia apite, samaki wako huku.

Anajua mambo, siwezi kumnyima haki yake. Alitazama kipimajoto kwanza ndipo akatazama samaki. Wageni huwa hawafanyi hivyo. Akapima chumvi kwa chombo chake. Akarudia. Akarudia tena. Kisha akakaa chini sakafuni na kile chombo mkononi akalia kwa sauti. Nikamwambia usilie, mama, mbona vipimo viko sawa. Ndiyo kwanza akazidi.

Amefua mashati yangu yote. Amefungua madirisha, na nilipomkataza alinionyesha kwamba joto la maji halijashuka, nikayaacha wazi. Anapika. Jumatano nilimwambia leo hatuli, akaweka sahani mbili mezani akaanza kula ya kwake, nikaona si uungwana kumwacha mgeni ale peke yake. Yule bwana mwenye gari alikuja, wakakumbatiana barazani muda mrefu. Nimefurahi kwamba wanafahamiana, wote wawili wanaonekana wapweke.

Sina ubaya naye. Ila amelala chumbani kwako, na wewe unakuja. Sitaki binti yangu afungue mlango akute mtu mwingine, akadhani nimeshindwa kukaa peke yangu nikatafuta wa kunitunza. Kaka yako atalidaka hilo, atasema nimeanguka mtihani, na mimi sijaanguka. Kwa hiyo nishauri. Nimwambie aondoke? Nitasikitika kidogo, kwa sababu Bi Mkubwa hamng'ati anapotia mkono, na ananisikiliza ninapoeleza.

Barua hii nampa yeye akaitie posta, anasema anapita huko. Nimeibandika vizuri ili asiisome.

Baba yako

10 Julai

Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenifikia upesi kuliko ulivyotarajia.

Umeshinda. Nasema mbele ya Kaka na mbele ya kila mtu: tangi lako halina kasoro. Sijaona anemoni aliyefunguka namna hiyo, wala samaki waliotulia hivyo. Hakuna atakayekuhamisha. Nyumba ni yako, kiti ni chako, na hiyo habari imekwisha kabisa. Mtihani wenyewe ulikuwa wa kijinga na niliutunga mimi. Nilikuwa nakuuliza habari za maji tu, nawe ukanijibu kweli tupu kila mara, na yale mengine uliyoniandikia chini nikayacheka. Inaniuma sana, Baba. Inaniuma hata sasa ninapoandika.

Julai sitaweza kuja. Kazi imenibana. Tafadhali usikae dirishani kunisubiri, na usihangaike kutandika kitanda.

Huyo mwanamke usimwambie aondoke. Namfahamu. Ameomba ruhusa ndefu kazini kwake na hana haraka ya kwenda popote. Mpe chumba changu akae nacho. Akipika, ule, Jumatano pia. Akifungua madirisha, mwache, na akikushika mkono bila sababu, mwache vilevile. Ana baba yake anayempenda sana na alichelewa kwenda kumwona. Mweleze habari za mayai kila siku, hata kama ulimweleza jana, hatachoka, nakuhakikishia.

Ukitaka kuniandikia, usijisumbue na stempu wala safari ya posta. Mpe yeye barua mkononi. Zote zitanifikia.

Bintiyo,
Bi Vipimo